Mteja Akikuuliza Bei ya Ua, Muulize Kwanza Jua Lake

Leo naongelea miche ya maua, maana ndiyo inayonilisha. Ila hata wewe unayeuza viatu au keki usiruke, kuna mahali patakugusa.

Mimi niko Morogoro. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kusema mbele za watu, nikaanza kuotesha maua nyuma ya nyumba ya bibi kwa viriba na ndoo zilizopasuka. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kuua miche. Wateja wangu wote wametoka kwenye status ya WhatsApp na Instagram.

Mwaka 2022 mama mmoja wa Dodoma aliona posti yangu ya haidrenjia, ile yenye vichwa vya maua vikubwa kama mpira, bluu au pinki. Picha haikuwa yangu, niliiokota mtandaoni. Akanitumia voice note: "Mwanangu, nina send-off ya binti yangu baada ya miezi mitatu, hapa hapa nyumbani. Nataka hiyo ya bluu pande zote mbili za njia ya kuingilia." Miche 12, mmoja 15,000, jumla 180,000. Nilikuwa sijawahi kupata oda ya namna hiyo. Unajua nilimuuliza nini? Jina la basi tu.

Nikapanda Mgeta kwa mkulima mmoja, nikanunua miche mizuri kabisa, nikaituma. Wiki ya tatu ikaja picha bila salamu. Vijiti 12 vyeusi, vimepangwa vizuri pande mbili za njia.

Jambo la kwanza nililofanya ni la aibu: nilimwambia hakumwagilia. Akajibu, "Mwanangu, ninamwagilia asubuhi na jioni, njoo uone." Alikuwa anasema kweli. Haidrenjia ina majani mapana na laini, yanapoteza maji haraka mno. Inataka baridi, udongo wenye unyevu muda wote, jua la asubuhi na kivuli mchana. Ndiyo maana inafurahi Mgeta, Lushoto na Njombe. Dodoma kuna jua, upepo mkavu, na mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Sisi tulipanda Julai. Hata kama ingepona, bluu nisingeweza kumhakikishia, kwa sababu rangi ya haidrenjia inafuata udongo: wenye tindikali unaleta bluu, usio na tindikali unaleta pinki. Mimi niliuza rangi ya picha.

Hela nilishaitumia. Nilimrudishia kwa awamu tatu, 60,000 kila awamu, na ya mwisho niliuza spika yangu. Wengine mtasema ningemblock, na kuna rafiki alinishauri hivyo hivyo. Lakini yule mama hakunitukana hata mara moja. Kilichomuuma zaidi ya hela ni ile send-off, na tarehe ilikuwa haisogei.

Tangu hapo mtu akiniandikia "bei?" simjibu bei peke yake. Namuuliza yuko wapi, pale anapotaka kupanda jua linapiga saa ngapi, maji yanatoka kila siku au kwa mgao, na nyumbani kuna watoto wadogo au mbuzi? Namwomba pia apige picha ya sehemu yenyewe saa sita mchana. Wapo wanaokasirika, wanaona nawahoji kama polisi. Wachache hupotea. Siwafuati.

Hilo swali la watoto na mbuzi si la mapambo. Olianda ni ua zuri, linavumilia ukame, na kila kipande chake ni sumu, kuanzia jani mpaka kijiti. Nimeacha kuliuza kabisa. Waridi la jangwa, ambalo wengi wetu tunaliita adeniamu, naliuza, ila nasema wazi kwamba utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa huku kwetu walikuwa wanaupaka kwenye mishale, jamani. Mteja avae glavu akikata, aliweke mbali na mtoto anayetambaa, na asilimwagilie kila siku kwa kulihurumia, litaoza shina.

Kwa yule mama jibu lilikuwa bogenvilia. Nilidharau kumpa mwanzo kwa sababu kila ukuta unayo, nikaona haina hadhi. Kumbe inapatikana kila ukuta kwa sababu inaweza kazi. Inataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na ikishashika mizizi inastahimili ukavu. Ile rangi unayoipenda si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Mwonyeshe mteja hicho kitu, atakukumbuka.

Malalamiko makubwa ya bogenvilia ni "imejaa majani, haitoi maua." Mara nyingi sababu ni tatu: kivuli, maji mengi, na mbolea inayokuza majani kama urea au samadi iliyozidi. Mwambie aiache udongo ukauke juu ndipo amwagilie, na akate matawi baada ya maua kuisha, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi mapya. Wewe unayeotesha, chukua kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu kama sentimita 20, ukichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kivulini. Usikivutevute kuangalia kama kimeota. Mizizi ya bogenvilia ni dhaifu sana, hata wakati wa kupanda usitikise bonge la udongo, chana kiriba taratibu. Nimepoteza mingi kwa kiherehere hicho tu.

Haibiskasi nayo ni ya kuaminika, ndugu yake ni hii choya tunayokunywa juisi yake. Ua lake kwa kawaida linadumu siku moja halafu linaanguka, jingine linafunguka. Usipolisema hilo, kesho asubuhi utaletewa picha ya ua lililosinyaa na neno "tapeli." Wadudu weupe kama pamba wakiingia, osha kwa maji ya sabuni, hasa chini ya majani.

Kuhusu kusafirisha. Mche uliohamishwa jana usiutume leo, uache kwenye kiriba chake mpaka ukae sawa. Mwagilia siku moja kabla, si asubuhi ya safari, boksi likilowa linapasuka na kondakta atakutusi wewe na mteja wako. Funga kiriba shingoni udongo usimwagike, toboa boksi matundu, andika upande wa juu kwa kalamu nene. Halafu mwambie mteja MAPEMA kwamba bogenvilia ikifika inaweza kudondosha majani na maua kwa mshtuko wa safari, aiweke kivuli chepesi siku chache, itarudi. Ukimwambia kabla ni maelezo, ukimwambia baada anaona unajitetea. Na picha iwe ya mche huo huo, imepigwa siku ya kutuma.

Send-off ilifanyika. Nilimpelekea bogenvilia 6 zilizokuwa tayari na maua, ndani ya ndoo, nikasafiri nazo mwenyewe siku mbili kabla, sikutaka kondakta tena. Nilimsihi asizipande mpaka shughuli ipite. Hela yake sikuchukua, alilazimisha nauli.

Mwezi uliopita amenitumia picha, zimepita urefu wa geti, zambarau tupu. Chini akaandika: "Mwanangu, dada yangu anataka nyeupe 4, usimpige bei." Nikamjibu shikamoo mama, nyeupe ninazo, ila dada aniambie kwanza ukuta wake unapata jua saa ngapi. Bado nasubiri jibu.