Kimambo na Karne Zisizo na Karatasi

Ingia ofisi yoyote ya Moshi mjini, benki au shule, utamkuta Msuya na utamkuta Mshana. Wengi tunajua tu kwamba hayo ni majina ya Kipare, basi. Cleopa Msuya alikuwa waziri mkuu mara mbili, na fundi aliyekuchomelea geti mwaka jana huenda ni Mshana. Tusichokikumbuka ni kwamba yapata miaka mia tano iliyopita koo hizi mbili zilipigania utawala wa Ugweno, kwenye milima ile inayoonekana upande wa kusini mashariki ukiwa Moshi na mawingu yametawanyika. Habari hiyo imo vitabuni kwa sababu Isaria Kimambo aliwaketisha wazee wa Upare akawasikiliza.

Kimambo alizaliwa mwaka 1931 Mbaga, Upare ya Kusini, kwenye misheni ya Kilutheri. Walutheri hao hao ndio waliomfungulia njia ya Marekani, alikosoma shahada ya kwanza Pacific Lutheran, jimbo la Washington. Uzamivu aliupata Northwestern mwaka 1967. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, kuanzia mwaka 1500 hivi hadi 1900. Kwa Ulaya, mwaka 1500 ndipo karne za kati zinapofungwa. Huku kwetu, mmisionari Johannes Rebmann hakuiona theluji ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, hadi Mei 1848, na kabla yake karibu hakuna karatasi inayouzungumzia mlima huu wala majirani zake. Mtafiti wa Ufaransa ya enzi hizo ana hati za watawa, daftari za kodi na mikataba ya mashamba. Kimambo alikuwa na wazee.

Hapa ndipo wataalamu wa karne za kati wanapoingia katika habari hii, tena kwa mlango wa nyuma. Jan Vansina, Mbelgiji, alisomea historia ya Ulaya ya karne za kati kule Leuven kabla ya kupelekwa Kongo kufanya utafiti. Akiwa kwa Wakuba alitambua kwamba nyimbo na masimulizi aliyokuwa akisikia hayakutofautiana sana na maombolezo ya kale aliyoyachambua chuoni: ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Mwaka 1961 alitoa kwa Kifaransa kitabu cha mbinu za kutumia masimulizi ya mdomo, kikawa mwongozo wa kizazi kizima cha wanahistoria wa Afrika. Kimambo ni wa kizazi hicho.

Sasa turudi Ugweno. Kwa masimulizi aliyoyakusanya, waliotawala mwanzo walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Hilo halishangazi. Mchanga wenye chuma uliokotwa vijitoni, ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto, na chuma hicho kikavuka tambarare hadi kwa Wachagga, ambao mlima wao una maji na migomba lakini chuma walikipata kwa Wagweno. Mwenye tanuri alikuwa na jembe la jirani mkononi mwake, na mkuki wake pia. Juu ya hayo mhunzi aliogopwa, kwa kuwa laana yake ilihesabiwa kuwa nzito.

Wakaja Wasuya, wakiongozwa na Angovi, wakaupindua utawala huo. Lakini anayesimuliwa zaidi ni mwanawe, Mranga. Huyu aliupanga utawala upya, akaliweka jando la mshituni chini ya dola, akagawa maeneo na kuweka mabaraza. Kijana wa Ugweno akiingia mshituni alitoka akiwa mtu wa mtawala, si wa ukoo wake tu. Nadhani hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote katika kitabu, maana inaonyesha jinsi dola inavyoundwa bila askari wengi: unamchukua kijana katika umri ule ambao hatasahau.

Miaka ya matukio haya ilijulikanaje? Kwa kuhesabu vizazi. Mzee anataja baba, babu, na babu wa babu. Ukoo wa pili nao unataja wa kwao. Wa tatu vilevile. Palipo na ndoa au vita iliyozigusa koo zote, orodha hizo hukutanishwa zikasahihishana. Anayependa tarehe kamili ataguna, na ana haki. Orodha za nasaba hufupishwa, na ukoo ulioshinda hukumbuka vizuri zaidi kuliko ulioshindwa. Washana wangepata nafasi ya kusimulia peke yao, pengine Angovi angekuwa mtu mwingine kabisa.

Marc Bloch, Mfaransa aliyezijua karne za kati kuliko wengi, alifanya jambo linalofanana na hili. Mwaka 1931, ule ule aliozaliwa Kimambo, alitoa kitabu juu ya mashamba ya Ufaransa ambamo alisoma historia kinyumenyume: anaanza na umbo la shamba analoliona leo, kisha anarudi nyuma karne baada ya karne. Wanazi walimuua mwaka 1944. Mtu wa Kilema au Marangu hahitaji kufundishwa mbinu hiyo; atakuonyesha mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na kukutajia ukoo uliouchimba.

Kimambo alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapanda hadi uongozi wa juu wa taaluma. Mwaka 1969 yeye na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania iliyosomwa na wanafunzi wengi, na mwaka 1981 Temu huyo huyo, pamoja na Bonaventure Swai, akaichapa viboko shule hiyo ya historia: mmewaandika wakubwa, mmewasahau wakulima na uchumi wa dunia uliowabana. Hoja ilikuwa na uzito. Mwaka 1991 Kimambo alitoa kitabu kingine juu ya Wapare hao hao, safari hii kikianzia 1860 hadi 1960, na kiini chake ni wakulima na masoko. Humo wamo watu wa mbiru, maelfu walioikataa kodi mpya na mwaka 1945 wakashuka milimani hadi Same, wakapiga kambi mbele ya ofisi ya wilaya. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1947.