Jiwe Hupimwaje Bila Kuvunjwa?

Sisi tunaokaa pande za Kitengela tumezoea kuona malori ya mawe yakitoka kware kuelekea kwenye mijengo. Swali langu ni hili: mnunuzi atajuaje kama mawe hayo yatabeba nyumba? Njia inayoaminika ni kulitia jiwe katika mashine na kulikandamiza mpaka lipasuke. Lakini jiwe lililopasuka halijengi tena, na yale yaliyobaki kwenye lori hujayapima!

Fundi wa kware yeye hugonga kwa nyundo akasikiliza. Jiwe zima hulia ngee! Lenye ufa hutoa sauti butu. Usimcheke. Ule mwamba mgumu wa mbuga za Athi na Kapiti huitwa fonolaiti, jina lililotoka kwa Kigiriki, maana yake jiwe la sauti.

Chombo cha altrasoniki nacho husikiliza, ila kina saa. Vichwa vyake viwili hupakwa grisi ili hewa isibaki katikati, kisha hubanwa pande mbili za jiwe. Kimoja hutuma sauti, mara nyingi ya mitetemo 54,000 kwa sekunde (masikio yetu hukomea karibu 20,000), na cha pili huipokea. Tuseme jiwe ni la inchi 9, yaani kama sentimita 23. Sauti ikichukua sehemu 92 kati ya milioni moja za sekunde, mwendo wake ni mita 2,500 kwa sekunde. Ikichukua 46, ni mita 5,000. Katika mwamba ulioshikana sauti hukimbia. Penye vitundu na nyufa hukawia. Ndiyo maana tafu, jiwe la majivu ya volkeno, kwa kawaida huachwa nyuma na marumaru ya Kajiado.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Chombo hakisomi nguvu, kinasoma muda tu. Ni lazima kwanza mawe kadhaa ya kware ileile yapimwe kwa sauti, halafu yapasuliwe kwa mashine, ndipo grafu ichorwe. Grafu ya tafu haifai kwa marumaru.

Tena kuna maji. Mimi ningeyaanika mawe kwanza. Maji yakiingia vitunduni badala ya hewa, sauti hupita upesi zaidi, kumbe jiwe lenyewe limepungua nguvu. Ukilipima likiwa limelowa, ukatumia grafu ya mawe makavu, jiwe dhaifu litafaulu mtihani.