Kuruta wa Readville na Dola Saba

Wanachuo wenzangu, neno "kujitolea" kwetu limeshapata maana yake. Dada yangu alihitimu mwaka juzi, na mpaka leo "anajitolea" kwenye ofisi moja mjini. Anaingia saa mbili asubuhi na kutoka giza limeingia, nauli anapewa na mama. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma historia ya Marekani na kukutana na Rejimenti ya 54 ya Askari wa Miguu wa Kujitolea wa Massachusetts, nikasema basi, kumbe na hawa walipigana bure.

Haikuwa hivyo. Katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa kujitolea alikuwa yule ambaye hakuwa mwanajeshi wa kudumu wala hakulazimishwa na sheria. Waliopita JKT watanielewa haraka, maana hata kule kuna wa kujitolea na wa mujibu wa sheria. Alisaini mwenyewe, kwa kawaida miaka mitatu, na alilipwa. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 13 kwa mwezi.

Januari 1863 Rais Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa kwenye majimbo yaliyoasi. Mwezi huohuo gavana wa Massachusetts, John Andrew, akapata kibali cha kuunda rejimenti ya watu weusi. Jimbo lenyewe lilikuwa na watu weusi wachache, hivyo kuruta wakatafutwa New York, Pennsylvania, Ohio, hadi Kanada. Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, alihamasisha vijana wajiunge, na wanawe wawili, Lewis na Charles, wakasaini. Walioiona filamu ya Glory wanaweza kudhani wengi wao walikuwa watumwa waliotoroka. Wengi walikuwa watu huru: wakulima, mabaharia, vinyozi, vibarua.

Kambi yao ya mafunzo, Camp Meigs, ilikuwa Readville, kusini mwa Boston, kwenye tambarare jirani na reli. Walianza kuingia Februari, na Februari ya Massachusetts si mchezo: theluji, kisha matope. Hali ya hewa ikichafuka, kwata ilipigwa ndani ya mabweni ya mbao. Maofisa wote walikuwa wazungu, chini ya Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25. Wakazi wa Boston walikuwa wakija kutazama gwaride, wengine nadhani wakitaka kuona kama mtu mweusi anaweza kweli kushika bunduki. Kufikia Mei askari 1,000 walikuwa wametimia, na kuruta bado wanamiminika, ikabidi Rejimenti ya 55 ianzishwe palepale.

Tarehe 28 Mei waliandamana katikati ya Boston na kupanda meli kwenda South Carolina. Tarehe 18 Julai wakaongoza shambulio dhidi ya ngome ya Wagner. Kati ya askari wapatao 600, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Shaw alikufa akazikwa shimo moja na askari wake. Hapo ndipo filamu inapoishia, na kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapoanza kunoga.

Walipofika kusini waliambiwa watalipwa dola 10, tena 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Yaani dola 7, na risasi ni zilezile. Eti sheria ya 1862 iliwahesabu kama vibarua. Rejimenti nzima ikakataa kupokea hata senti. Koplo James Henry Gooding alimwandikia Lincoln barua mwezi Septemba, akiuliza kama wao ni askari au ni vibarua. Jimbo la Massachusetts likajitolea kufidia pengo, wakakataa tena: anayedaiwa ni serikali kuu, na hoja ilikuwa usawa, siyo pengo. Huku nyumbani wake na watoto wanateseka. Februari 1864 waliingia vitani kule Olustee, Florida, wakishangilia kwa kejeli dola zao saba. Mwezi huohuo sajenti William Walker wa rejimenti nyingine ya weusi alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe, kwa kuongoza wenzake kuweka silaha chini kudai mshahara sawa.

Juni 1864 Bunge likakubali, lakini kwa masharti: malipo kamili ya tangu mwanzo ni kwa yule tu aliyekuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Je, waliokuwa watumwa? Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo: askari aape kwamba kufikia siku ile hakuwa na deni la kumfanyia mtu yeyote kazi ya bure. Mtumwa aliweza kuapa bila kusema uongo, kwani nani alikuwa na haki ya jasho lake?

Fedha zilifika mwishoni mwa Septemba. Koplo Gooding hakuzipokea. Alitekwa Olustee, akafia kwenye kambi ya wafungwa ya Andersonville mwezi Julai.