Renini: utendaji au wingi?

Mwaka 1898, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman, huko Stockholm, walitangaza kwamba maji yaliyokamuliwa katika figo za sungura hupandisha shinikizo la damu. Kitu kilichomo wakakiita renini, kutokana na neno la Kilatini ren, yaani figo. Kuna kimeng'enya kingine, cha kugandisha maziwa, ambacho Waingereza hukiandika kwa n mbili. Katika tahajia yetu vyote viwili vinakuwa renini. Hilo ni dogo. Tatizo ninalotaka kulieleza limo katika karatasi za maabara.

Renini hukata protini itokayo kwenye ini na kutoa angiotensini ya kwanza. Njia ya zamani huiacha plazima katika joto la mwili, digrii 37, kisha hupima angiotensini iliyotengenezwa. Jibu huandikwa kwa nanogramu kwa mililita kwa saa, na hiyo “saa” ndiyo inayotuambia kwamba kilichopimwa ni kazi. Njia ya pili hutumia kingamwili mbili: moja hushika renini, nyingine, yenye alama, huionyesha. Moja kati ya hizo huitambua renini iliyo tayari kukata tu. Hapo kinachopimwa ni wingi; saa haimo.

Kuchagua huko ni lazima, kwa sababu katika damu prorenini, ambayo bado haijaamka, kwa kawaida ni nyingi mara kumi hivi kuliko renini yenyewe. Tena baridi huifungua: plazima ikikaa kwenye barafu bila kuganda, prorenini huhesabiwa kama renini. Kwa hiyo sampuli hii, kinyume cha nyingine nyingi, huandaliwa katika joto la chumba, kisha hugandishwa haraka.

Sasa mgonjwa anameza aliskiren, dawa inayoziba mahali renini inapokatia. Utendaji unashuka, figo, kwa kuhisi upungufu, zinamwaga renini zaidi, na wingi unapanda. Damu ni ileile, majibu yanapingana. Mfasiri akiandika “kiwango cha renini” kotekote, daktari ataweza kudhani dawa haifanyi kazi.

Nimeona wengine wakipendekeza “renini hai”. Silipendi: kimeng'enya si kiumbe. Mimi naandika “utendaji wa renini” kwa njia ya kwanza, na “wingi wa renini tendaji” kwa ya pili, na kipimo chake sikiachi kamwe nje ya jedwali.