Neva Iliyokatwa kwa Makusudi

Tarehe 25 Aprili 1903, jijini London, daktari Henry Head alinyoosha mkono wake wa kushoto ili akatwe neva. Mkono ulikuwa mzima. Head, bingwa wa magonjwa ya neva, alikuwa amewahoji majeruhi wengi, na wengi walishindwa kumweleza wanachohisi; akaamua kujichunguza mwenyewe. Mpasuaji Henry Dean, akisaidiwa na James Sherren, akakata neva mbili za ngozi, akaziunga ncha kwa uzi wa hariri.

Kwa miaka minne Head alikwenda Cambridge kwa rafiki yake, W. H. R. Rivers. Alikaa amefumba macho, Rivers akimgusa kwa pamba, akimchoma pini, akiandika kila jibu.

Yanayotendeka chini ya ngozi neva inapokatwa yalikwishaanza kujulikana tangu 1850, daktari Augustus Waller alipochunguza neva za ulimi wa chura. Uzi wa neva uliotengwa na seli yake huoza. Seli za Schwann zilizokuwa zikiuzunguka hazifi; husaidia kufagia mabaki, kisha hujipanga safu ndani ya ala iliyobaki. Nyuzi mpya huchipua kutoka upande ulio hai na kutambaa humo, yapata milimita moja kwa siku.

Piga hesabu. Kutoka bega hadi kiganjani kuna zaidi ya nusu mita, yaani safari ya mwaka na nusu au zaidi. Nao msuli usio na neva hunyauka. Ukikaa hivyo kwa muda huo, aghalabu haupokei tena uzi hata ukifika. Ndiyo maana jeraha la panga karibu na bega ni baya kuliko la kifundo cha mkono, hata yakilingana kwa ukubwa.

Kwa Head, maumivu yalitangulia kurudi, tena ovyo: achomwe hapa, ahisi pale. Mguso mwepesi ulikawia mno. Akadai kuna mifumo miwili ya hisia. Wapasuaji Wilfred Trotter na Morriston Davies wakakata neva zao wenyewe, na mwaka 1909 wakampinga. Nadharia ikafifia, lakini, nionavyo, kumbukumbu za Head bado zina thamani.

Leo wagonjwa hawahitaji kungoja gizani. Jules Tinel, daktari Mfaransa, alieleza 1915 kwamba ukigonga polepole juu ya njia ya neva, nyuzi changa husisimka pale zilipofika. Nukta hiyo ikisogea mwezi hadi mwezi, daktari husubiri. Ikiganda pale pale, huenda kovu limeziba njia, na mpasuaji huitwa.