Ala ya Muziki Isiyo na Uzi wala Ngozi

Kila ala ya muziki ina kitu kinachotetemeka. Katika zeze ni uzi, katika ngoma ni ngozi, katika filimbi ni hewa iliyomo ndani ya mwanzi. Katika karne ya 20 ilizuka ala ambayo ndani yake hapana kinachocheza isipokuwa mkondo wa umeme, na sauti yenyewe haisikiki mpaka mkondo huo ufikishwe kwenye kipaza sauti. Ala hiyo huitwa sinthesaiza. Aina inayoelezwa hapa ni ile iliyoundwa kwa vipande vinavyojitegemea, ambavyo mwanamuziki mwenyewe huviunganisha kwa nyaya kama apendavyo.

Kabla ya ala hiyo kuwapo, watunzi walikuwa wamekwisha kuutumia umeme kuigeuza sauti iliyonaswa, na mmoja wa waliotangulia kabisa alikuwa Mwafrika. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Kimisri aliyesomea uhandisi wa kilimo, aliazima mjini Cairo chombo cha kunasia sauti kwenye uzi mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye sherehe ya zaar, ambayo wasomaji wa pwani yetu wataifananisha mara moja na ngoma za pepo. Kisha, katika studio ya redio, aliiondoa katika sauti zile sehemu ya chini iliyo msingi wa kila noti, akazibakiza sauti ndogondogo za juu, akazipitisha katika chumba cha mwangwi. Kilichobaki si wimbo wa sherehe ile, bali kivuli chake. Miaka minne baadaye, mjini Paris, Pierre Schaeffer alianza majaribio ya jinsi hiyo hiyo, na vitabu vingi huianza historia hii kwake. Si haki kuisahau Cairo.

Utepe wa sumaku ulipoenea, kazi hiyo ikawa ya mkasi na gundi. Katika studio nyingi utepe ulikwenda sentimita 38 kwa sekunde. Noti ya robo sekunde, kwa hiyo, ilikuwa kipande cha sentimita 9 na nusu hivi, ambacho hapana budi kipimwe, kikatwe na kuunganishwa na kingine. Dakika moja ya muziki wa kasi iliweza kula siku nyingi za kazi.

Mwaka 1963 Morton Subotnick na Ramon Sender, watunzi waliokuwa na studio ya utepe mjini San Francisco, Marekani, walitafuta fundi wa kuwaokoa na mkasi. Wakampata Donald Buchla. Upande wa pili wa nchi hiyo, katika jimbo la New York, Robert Moog alikuwa akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, na mwaka 1964 chombo chao cha kwanza kikasikika. Mafundi hawa wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo moja.

Wazo lenyewe ni jepesi. Katika redio ya kawaida, anayetaka kuongeza sauti huzungusha kitufe kwa mkono. Buchla na Moog waliweka volti mahali pa mkono. Chombo chao kina kipande kinachozalisha mitetemo ya umeme, kingine kinachochuja sauti na kupunguza ukali wake, na kingine kinachoikuza au kuififisha. Kila kimoja kina tundu la kupokea volti, na volti ikipanda ni kama kitufe kimezungushwa. Kwa kuwa volti hiyo yaweza kutoka katika kipande chochote kingine, vipande huanza kuzungushiana vitufe vyenyewe kwa vyenyewe.

Mfano mmoja watosha. Kizalishi kimoja kikitoa mitetemo 6 tu kwa sekunde, sikio haliwezi kuisikia kuwa ni sauti. Lakini volti zake zikipelekwa kwenye kizalishi cha pili chenye sauti ya kusikika, sauti hiyo hupanda na kushuka mara 6 kwa sekunde, kama koo la mwimbaji aitikisaye noti ndefu. Kile cha kwanza kikiharakishwa hadi mitetemo 200, sikio hushindwa kuufuata mtikisiko. Badala yake husikia sauti mpya kabisa, ngumu na yenye mlio wa chuma, mithili ya kengele. Hakuna kilichobadilishwa ila kasi.

Moog aliweka kanuni kwamba kila ongezeko la volti 1 lipandishe sauti kwa oktavu 1, yaani mitetemo iongezeke maradufu: kutoka 440 kwa sekunde hadi 880, na kutoka hapo hadi 1760. Hesabu hii inalifuata sikio la binadamu, ambalo hupima uwiano wala si tofauti. Transista nayo, kwa maumbile yake, huongeza mkondo wake kwa uwiano kila volti inapopanda, na hivyo ilifaa mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo palipofichwa adui. Tabia hiyo ya transista hutegemea joto. Chumba kikipanda nyuzi 3 za sentigredi tu, kipimo chote hukosea kwa takriban asilimia 1. Kwa sauti iliyo oktavu 5 juu ya mwanzo, kosa hilo hupita nusu ya hatua iliyopo kati ya ufunguo mweupe wa piano na mweusi wa jirani yake, na hata asiyejua muziki atalitambua. Mafundi walijitetea kwa kuziweka transista mbili zinazofanana pamoja ili makosa yao yafutane, wakaongeza kizuizi cha umeme ambacho nacho hubadilika kwa joto. Hata hivyo Wendy Carlos, alipoziandaa kwa chombo cha Moog tungo za Bach zilizotolewa mwaka 1968, alikuwa akinasa sauti moja baada ya nyingine na kukipatanisha chombo tena na tena.

Buchla hakutaka hata vifunguo vya piano. Alihofu kwamba anayepewa vifunguo atapiga nyimbo alizokwisha kuzijua, na hofu hiyo haikuwa bure. Katika chombo chake aliweka vibao vya chuma vya kugusa kwa vidole, na kwa chombo hicho Subotnick alitoa mwaka 1967 Silver Apples of the Moon, utungo uliokusudiwa tangu mwanzo kuwa sahani ya santuri wala si tamasha.

Huko Ufaransa Éliane Radigue alikwenda mbali zaidi. Alikuwa amefanya kazi na Schaeffer na Pierre Henry. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijipatia sinthesaiza ya ARP 2500, na alipoisafirisha kutoka New York kwenda Paris aliviacha vifunguo vyake huko huko. Yeye alikitafuta kile ambacho wengine walikikimbia: kupotoka kidogo kwa sauti. Sauti mbili, moja ya mitetemo 200 kwa sekunde na nyingine ya 201, zikilia pamoja hutoa pigo moja laini kila sekunde. Tofauti ikiwa nusu ya mtetemo, pigo huja kila sekunde 2. Radigue alizungusha vitufe kwa utaratibu ambao macho yangeshindwa kuuona, na kujenga tungo za saa nzima. Trilogie de la Mort, iliyokamilika mwaka 1993, ina sehemu tatu na huchukua takriban saa tatu. Alizichanganya sehemu zilizonaswa kwa mkono, mfululizo. Alipokosea karibu na mwisho, ilimbidi aanze upya.

Kwa maana chombo cha namna hii hakina kumbukumbu. Nyaya zikichomolewa, au swichi zikirudishwa, mpangilio umekwenda. Hata mtunzi akiandika kila namba, joto la siku ya pili si la jana. Utungo huishi katika utepe tu, na utepe nao una maradhi yake. Katika tepe nyingi za miaka ya 1970 na 1980, gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa, ikawa nta. Utepe ukichezwa hulia na kukwama, huku unga ukibaki kwenye kichwa cha mashine. Maktaba za redio katika miji ya pwani zina sababu ya kuyajua maradhi haya. Tiba yake ni kuuweka utepe katika tanuri la joto dogo, nyuzi 50 hivi, kwa saa kadhaa hadi unyevu utoke. Baada ya hapo utepe huchezeka kwa majuma machache, na katika majuma hayo ndipo unaponakiliwa.