Kuandika Si Kazi ya Somo Moja

Kila muhula ukianza, katika mikutano ya chama chetu husikika lalamiko lilelile. Mwanachama amefaulu kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, tena kwa alama nzuri. Anaingia kwenye biolojia, historia au uuguzi, na karatasi yake ya kwanza inarudi na maneno matatu pembeni: “Haieleweki. Andika vizuri.” Vizuri ni vipi, hakuna aliyemwambia. Wapo wanaoamua papo hapo kwamba Kiingereza chao ni kibovu, wakaacha hata kunyoosha mkono darasani. Wapo pia wanaobadili fani, wakakimbilia masomo yasiyo na karatasi nyingi za kuandika, ingawa sayansi au sheria ndiyo iliyowatoa nyumbani.

Tunaandika makala hii kwa wanachama wenzetu na kwa walimu wetu pia. Tunachosema ni kwamba kila taaluma ina namna yake ya kuandika, na anayeijua namna hiyo ni mwalimu wa taaluma yenyewe. Kuifundisha ni sehemu ya kufundisha somo lake.

Wazo hili lilikotoka

Hapa Marekani, desturi ya kulitwisha somo moja mzigo wote wa uandishi ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwapa waombaji mtihani wa insha ya Kiingereza mwaka 1874, na mwaka 1885 kikawa na kozi ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Vyuo vingine vikafuata. Imani ilikuwa kwamba mwanafunzi akishafundishwa kuandika mara moja, amemaliza, kama mtu aliyechanjwa.

Imani hiyo ilitikiswa miaka ya 1970. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo, wakaingia maelfu ya vijana ambao zamani wasingepokewa, wengi wao kutoka familia maskini na za wahamiaji. Mwalimu mmoja wa hapo, Mina Shaughnessy, alisoma insha zao zipatazo 4,000, na mwaka 1977 akatoa kitabu alichokiita Errors and Expectations. Alionyesha kwamba makosa ya vijana hao yana mantiki: mwanafunzi anajaribu kufuata kanuni ambazo hajaelezwa, kwa hiyo anazikisia.

Uingereza nako, James Britton na wenzake wa Chuo Kikuu cha London walichapisha mwaka 1975 utafiti wao juu ya maandishi zaidi ya 2,000 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 18. Waliona kwamba karibu nusu yake yaliandikwa kwa msomaji mmoja tu, yaani mwalimu mwenye kalamu ya kusahihisha. Mtoto anamweleza mtu jambo ambalo mtu huyo analijua tayari. Uandishi wa kutafuta, wa mtu kujiuliza na kujijibu mpaka aelewe, ulikuwa haba sana.

Katika miaka hiyohiyo walimu wa vyuo vidogo vya Marekani walianza kukaa pamoja. Barbara Walvoord aliendesha semina ya namna hiyo katika Chuo cha Central, jimbo la Iowa, mwaka wa masomo 1969–70. Waliokaa mezani walikuwa walimu wa fani mbalimbali, wakijadili karatasi za wanafunzi wao wenyewe. Kutoka semina kama hizo ndipo ulipokua mwendo unaojulikana leo kuwa uandishi katika masomo yote.

Malaria moja, karatasi nne

Tuchukue jambo tunalolijua sote, malaria, tuone linavyoandikwa.

Mwanafunzi wa biolojia amepima jinsi joto la maji linavyoathiri ukuaji wa viluwiluwi vya mbu. Ripoti yake ya maabara ina utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Kwenye matokeo anatoa vipimo tu, na maana yake inangoja kwenye mjadala. Akizichanganya sehemu hizo mbili anapoteza alama, hata kama kila sentensi yake ni safi.

Mwanafunzi wa uuguzi anaandika taarifa ya mgonjwa. Inatakiwa saa, alichokiona, alichokifanya, na mgonjwa alivyoitikia. Haandiki “mgonjwa ni mkaidi.” Anaandika kwamba saa mbili usiku mgonjwa alikataa dawa akisema inamtia kichefuchefu. Muuguzi wa zamu inayofuata anaweza kuifanyia kazi taarifa hiyo ya pili. Ya kwanza itamfanya tu amchukie mgonjwa.

Mwanafunzi wa uchumi anauliza kama vyandarua vigawiwe bure au viuzwe kwa bei nafuu. Lazima ataje mapema anachokichukulia kuwa kweli kuhusu kipato na tabia ya kaya, kwa maana hesabu yake yote imesimama juu ya hayo.

Mwanafunzi wa historia anauliza jinsi serikali za kikoloni zilivyoitumia hofu ya malaria kutenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika mijini. Yeye hana maabara. Ana barua za maofisa na ramani za mji, na kazi yake ni kuuliza nani aliandika, kwa nani, na alinyamazia nini.

Karatasi nne, na “andika vizuri” ina maana nne. Mwalimu wa kozi ya mwaka wa kwanza, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuzifundisha zote. Anayeweza ni yule anayeandika na kusoma kazi za namna hiyo kila siku.

Sisi tumekuja na uandishi wetu

Walimu wetu, tunaomba mlijue jambo hili: hatukuja mikono mitupu. Waliosoma sekondari Kenya au Tanzania walifundishwa insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na methali iliyotumika mahali pake ilikuwa mapambo ya kujivunia. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa walizoezwa kupima upande mmoja, kisha wa pili, ndipo waseme msimamo wao mwishoni. Hapa mwalimu anataka msimamo kwenye aya ya kwanza, na asipouona anaandika pembeni: “Hoja yako iko wapi?” Hoja ipo. Imewekwa mahali ambapo kwao ndipo pa heshima.

Kubwa zaidi ni suala la kunukuu. Wengi wetu tumetoka kwenye shule ambako kurudisha maneno ya mwalimu kama alivyoyasema kulikuwa alama ya bidii. Hapa tendo hilohilo linaweza kuitwa wizi wa maandishi na kumfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Hatutetei wizi. Tunasema kanuni yenye adhabu kubwa namna hiyo ifundishwe kwa mifano ndani ya kila somo, maana hata kunukuu hutofautiana. Wanasayansi kwa kawaida hufupisha matokeo kwa maneno yao wenyewe, ilhali mhakiki wa fasihi hunukuu mstari wenyewe na kuuchambua.

“Mimi si mwalimu wa Kiingereza”

Jibu hili tumelisikia, na tunaelewa linatoka wapi. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja na utafiti wake mwenyewe anaona mlima wa karatasi. Lakini hakuna anayemtaka asahihishe kila koma. Kazi yenyewe inaweza kuwa ndogo zaidi ya hivyo.

Aonyeshe karatasi moja nzuri ya mwaka uliopita, kwa ruhusa ya mwenyewe, na aeleze kwa dakika kumi kwa nini ni nzuri. Mwisho wa kipindi awape wanafunzi dakika tano waandike jambo ambalo hawakulielewa. Haya hayasahihishwi, yanapitiwa kwa macho tu, na yeye atajua kesho aanzie wapi. Aombe rasimu kabla ya karatasi ya mwisho na atoe maoni mawili juu ya hoja. Rasimu zina faida nyingine sasa, kwa kuwa programu za kompyuta zinaweza kutoa insha nzima kwa dakika moja: mwalimu aliyeona wazo la mwanafunzi likikua hatua kwa hatua hana haja ya kubahatisha kazi ni ya nani.

Chuo nacho kina wajibu wake. Chuo Kikuu cha Missouri kimekuwa na programu ya uandishi tangu miaka ya 1980, na wanafunzi wake hutakiwa kuchukua kozi mbili zenye uandishi mwingi, moja ikiwa katika fani yao. Mwalimu akipewa darasa dogo na msaidizi, mlima unapungua.

Na Kiswahili je?

Kuna wanaodhani Kiswahili kinatuzuia. Sisi tunaona vingine. Kiswahili kinaandika taaluma: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina tasnifu na majarida ya kitaalamu ya Kiswahili, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwanachama anayeandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili anapigana na wazo peke yake. Vita vya lugha anaviacha kwa siku ya pili. Na asipoweza kulieleza wazo hilo kwa Kiswahili kwa mama yake kwenye simu, huenda tatizo si Kiingereza. Huenda hajalielewa bado.

Tunayoomba na tutakayofanya

Kwa walimu, ombi letu ni moja kwa kuanzia: mnapotoa kazi ya kwanza ya muhula, andikeni nusu ukurasa unaosema msomaji wa kazi hiyo ni nani, hoja ikae wapi, na ushahidi gani unakubalika katika fani yenu.

Kwa wanachama, mnapopewa maneno matatu pembeni, nendeni saa za ofisi na karatasi mkononi. Msiulize “nimekosea nini?” Ulizeni “msomaji wa fani hii alitarajia kuona nini hapa?” Swali hilo mwalimu hulijibu kwa urahisi, kwa sababu linahusu somo lake.

Nasi chamani tunakusanya karatasi zilizokwisha kusahihishwa, kwa hiari ya wenyewe na majina yakiwa yamefutwa, tuzipange kwa fani: maabara, uuguzi, historia, uchumi, sheria. Aliye mwaka wa tatu amsomee aliye mwaka wa kwanza, na amweleze kwa Kiswahili kwa nini aya hii ilipata alama na ile haikupata. Anayetaka kuchangia karatasi yake ailete kwenye mkutano ujao.